Miguu Bila Nyimbo

Mwinyimadi hakuumizwa na mtu, na hilo ndilo lililomkera kuliko maumivu yenyewe. Angepigwa buti na beki wa timu ya reli angekuwa na la kusimulia. Watu wangekuja kumpa pole, naye angejilaza barazani kama askari aliyetoka vitani. Lakini goti lake la kulia liliteguka mazoezini, mpira ukiwa mbali kule golini, yeye akikimbia kinyumenyume huku akiwapungia mkono wasichana waliokuwa wakitoka kisimani. Akakanyaga kisiki. Wasichana wenyewe hata hawakumtazama.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla, katika shamba la mkonge la Msufini, upande wa Kibaha, ambako vijana wengi wa Kisarawe walikwenda kutafuta kazi. Sisi watu wa Kisarawe tunajulikana: tukifika penye kazi, swali la kwanza ni ngoma inachezwa wapi. Mwinyimadi alitoka kwao Mzenga akaenda kukata mkonge kama wenzake, ila siku nyapara alipomwona anavyokimbia na mpira, alimtoa mkongeni akamfanya mlinzi wa ghala, na juu ya hayo akampa nyumba ya bati mwishoni mwa kambi. Ghala lenyewe halikuwa na cha kuibwa. Kila mtu alijua kwamba analipwa kwa ajili ya miguu, na mwenyewe alizoea kusema, "Hapa kambini hakuna kama mimi. Natembea juu ya mshahara wangu."

Sasa mshahara ulikuwa umevimba. Dresa wa kambi, Thadeo, kijana mpole aliyelelewa misheni, alilibonyeza goti hapa na pale, akalifunga bendeji.

"Halikuvunjika. Pumzika, usilikanyagie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka lipone."

"Na mechi ya Idi Kubwa?"

Thadeo akajifanya anatafuta mkasi. Mechi ya Idi ilikuwa kati ya Msufini na timu ya Kisarawe mjini, na siku hiyo Bwana Mkubwa, Mzungu mwenye shamba, huleta viti na wageni wake kutoka Dar es Salaam. Mwaka mzima timu ililishwa kwa ajili ya siku ile moja.

Jioni alikuja nyapara mwenyewe, Nikolaus, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga timu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na mwoga hukuumiza huku anakutaka radhi.

"Pole, Mwinyimadi."

"Nimeshapoa, nyapara."

"Sasa sikiliza, usinielewe vibaya. Nyumba hii si yangu. Bwana amesema nyumba za bati ni za wachezaji. Salehe naye anacheza wingi ya kulia, si vibaya, na mkewe amechoka kulala kule laini za vibarua, familia tatu chumba kimoja. Ukicheza Idi, kaa na nyumba yako. Usipocheza, anaingia Salehe, wewe unarudi kukata mkonge."

"Kwa goti hili nikate mkonge, nyapara?"

"Basi nenda nyumbani."

"Mke wangu kajifungua juzi tu! Mtoto hajafikisha arobaini. Nimtoe nje na kitovu kibichi?"

Nikolaus akatazama mlango, akatazama viatu vyake, akasema, "Ndiyo maana nakuombea upone," kisha akaondoka upesi.

* * *

Ndani ya nyumba ile walikuwamo watu watatu: Tatu mkewe, mtoto mchanga Mwishehe aliyepewa jina la babu yake, na mama yake Tatu, Bi Mwanahalima, aliyekuja kutoka Mzenga kumtunza mzazi mpaka arobaini iishe. Hapo ndipo tatizo la pili lilipokaa. Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, hapishwi njiani kwa kuguswa bega, wala hasemeshwi ana kwa ana. Mwinyimadi alipokuwa akishinda ghalani, Bi Mwanahalima alikuwa malkia wa nyumba. Sasa mkwe kalala barazani mchana kutwa, mguu kaunyoosha mlangoni, na kisima kiko mbele ya nyumba. Bibi akitaka kupita na ndoo, anakohoa. Mkwe akitaka kwenda chooni nyuma ya nyumba, anakohoa. Mmoja akikohoa mwingine anajificha. Jirani waliosikia walidhani nyumba nzima imepata kifaduro.

Siku moja uvumilivu ulimwishia bibi.

"Tatu, mumeo anakufa?"

"Hafi, mama. Ni goti tu."

"Kama hafi, anaondoka lini pale mlangoni?"

Mwinyimadi alisikia kila neno, maana kati yao palikuwa na ukuta wa fito na udongo, lakini kwa adabu alijifanya amelala, akakoroma kidogo ili kuwasaidia.

"Dresa kasema apumzike," alisema Tatu.

"Amepumzika. Uvimbe umeshuka, nimeuona kwa pembe ya jicho, Mungu anisamehe. Sasa anapumzika juu ya mapumziko. Mguu ule utakuwa mwembamba kama mpini wa jembe." Bibi akapandisha sauti kidogo, kwa faida ya aliyekuwa akikoroma. "Mimi ni kungwi, mwanangu. Toka Mzenga mpaka Kurui hakuna mwali aliyetoka akatia aibu mbele ya ngoma yangu. Mwali anakaa ndani msimu mzima, hatoki, anakula na kulala, miguu inalegea kama ya mtoto. Siku ya kutolewa anatakiwa acheze toka asubuhi mpaka jua kuchwa. Miguu ile anaipata wapi? Inaota?"

"Unaitengeneza wewe, mama."

"Naitengeneza mimi." Bi Mwanahalima hujisifu mwenyewe; alisema kungoja sifa za watu ni kupoteza muda. "Polepole, kwa ngoma, chini na juu, mpaka nyonga inakaza na paja linashika goti. Mwambie mkwe, akitaka nitamtengenezea wake."

Tatu akatoka barazani. "Mama anasema—"

"Nimesikia."

"Ulikuwa umelala."

"Nimeota," alisema Mwinyimadi. Kisha akanong'ona, "Tatu, mimi nichezwe kama mwali? Mimi? Wingi ya kulia ya Msufini?"

"Wingi ya kulia imelala mlangoni," alisema Tatu. "Mimi nataka mtoto afikishe arobaini chini ya bati. Ukiona haya, nivue kanga hii uvae ufiche uso." Alisema kwa hasira tu, hakujua kwamba siku zinakuja atakapoivua kweli.

* * *

Masharti ya bibi yalikuwa mawili. La kwanza, ngoma ya wali ina nyimbo, na nyimbo hazisikizwi na mwanamume. Atampa miguu tu. La pili, yeye atakuwa ndani ya ua wa makuti na mkwe nje ya ua, nyuma ya nyumba, penye migomba, ili adabu isivunjike.

Ikawa hivyo. Bibi alipiga debe kwa viganja, Tatu akakaa kwenye upenyo wa ua na mtoto mapajani, akawa mkalimani wa watu wawili wanaozungumza Kiswahili kimoja na kusikiana vizuri kabisa.

"Mwambie asimame, aachanishe miguu."

"Simama, achanisha miguu."

"Nimesikia. Mwambie mama tayari."

"Tayari, mama."

"Mwambie uzito wote auweke mguu wa upande wa mashine. Kiuno kizunguke, goti litulie. Kisha ashuke kama anayetaka kukaa kwenye kigoda, ila kigoda hakipo. Asikae. Akikaa nitasikia."

Bi Mwanahalima hakuwa mtu wa kulia na kushoto. Wali hufundishwa ndani, na ndani kuna upande wa mlangoni na upande wa jikoni. Hapa uani aliona upande mmoja kuna njia ya kisimani, upande wa pili kunanguruma mashine ya kusaga mkonge, yakamtosha. Lakini debe tupu bila wimbo halikumwendea. Baada ya muda mkono ulipotea njia. Ikabidi atunge maneno ya bure, yasiyo na siri:

*Mkwe mlangoni, mama apite wapi?*
*Ndoo kichwani, mama apite wapi?*

Kwa wimbo huo Mwinyimadi alishuka na kupanda, akakata kiuno, akasimama mguu mmoja kama korongo, asubuhi na alasiri. Alishangaa jinsi dawa ilivyo nyepesi. Mguu wa upande wa mashine ulifanya kazi kweli, ulitetemeka, ulitoa jasho, lakini haukuuma hata kidogo. Akaanza kujigamba kwa Tatu: "Mama yako ni mganga. Dawa haiumi!" Alipotembea, hata hivyo, alichechemea vilevile, na hilo akalihesabu kuwa ni uvivu wa goti, si kosa lake.

Wiki ilikatika namna hiyo. Siku moja Tatu akatoka nje ya ua kuanika nepi, akasimama kama aliyeona nyoka.

"Baba Mwishehe! Mbona umeupa ua mgongo?"

"Ulitaka niupe nini?"

"Uso!"

"Nimwelekezee mkwe uso? Hata kama kuna makuti katikati, mimi sina adabu? Wazee wangu wangesemaje?"

Debe likanyamaza. Kisha ndani ya ua ikasikika sauti ya bibi, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za msiba: "Tatu. Muulize mguu wa upande wa mashine ni upi."

Mwinyimadi akautazama. Ulikuwa wa kushoto. Mguu mzima, usiokuwa na kasoro tangu azaliwe, ndio uliotengenezwa wiki nzima na kungwi bora wa Mzenga mpaka Kurui. Paja lake lilikuwa limejaa kama la fahali. Wa kulia ulikuwa unaning'inia tu, ukitazama.

Bi Mwanahalima alicheka mpaka akakaa chini; walisikia debe likibonyea. Tatu akacheka mpaka mtoto akaamka. Mwinyimadi naye, baada ya kujitahidi kukasirika na kushindwa, akashikilia mgomba akacheka mpaka machozi yakamtoka. Heshima imemlia wiki nzima, na Idi inakuja.

* * *

Basi ikabidi ageuke. Na kwa kuwa hakuweza kumwelekezea mkwe uso mtupu, Tatu alivua kanga yake ya pili akamfunika kichwa na uso, kama mwali. Chini ya kanga ile Mwinyimadi alijua sasa dawa ni nini. Goti la kulia lilishuka nusu likagoma. Lilitetemeka, lilichoma, likamtupa chini mara ngapi sijui.

"Mwambie asilisukume. Alibembeleze," alisema bibi. "Kiuno ndicho kinachobeba. Goti ni mgeni tu, linapitishwa."

"Mwambie mama huyu mgeni analia."

"Mwambie wali wangu wote wamelia."

Ndipo siku moja, akiwa katikati ya kushuka, kanga usoni, kiuno kinazunguka, alisikia mtu akisafisha koo nyuma yake. Alikuwa Salehe, mkata mkonge aliyeahidiwa nyumba. Mkononi alikuwa na kamba.

"Hodi," alisema Salehe. Macho yalimtoka.

"Karibu," alisema Mwinyimadi kutoka ndani ya kanga. Akaona kuivua sasa ni kuchelewa, akabaki nayo.

"Nyapara kaniambia nije nipime mlango. Kitanda cha mke wangu kipana. Samahani, shemeji... samahani, Mwinyimadi."

"Pima tu, ndugu yangu."

Salehe akaenda akapima mlango, urefu na upana, akapiga mafundo kwenye kamba yake kwa uangalifu wa fundi. Alipopita tena kurudi alishindwa kujizuia. "Unaumwa goti, au unaumwa na kichwa?"

"Vyote," alisema Mwinyimadi. "Kimoja kimemwambukiza mwenzake."

Kabla ya magharibi kambi nzima ilikuwa na habari. Watoto walimwimbia njiani. Wanaume waliopita mbele ya nyumba walimpigia magoti na kumwita binti. Mwinyimadi alikuwa wa kwanza kucheka kila walipomcheka. Alijifunza tangu zamani kwamba ukiwahi kujicheka mwenyewe, watu hubakiwa na kidogo. Lakini usiku alipojilaza barazani alikunja uso. Aliwaza mtoto akitolewa nje kabla ya siku yake, na kesho yake akarudi kwenye kanga.

Thadeo alikuja kufungua bendeji. Akalishika paja la kulia, akalibonyeza, akalishika tena.

"Nyama imerudi. Umefanya nini?"

"Mambo ya wanawake, dresa."

"Sijauliza," alisema Thadeo. "Endelea kutofanya."

* * *

Siku ya Idi Bwana Mkubwa alikaa kivulini na wageni wake, wake kwa waume, kwenye viti vya turubai. Wanawake wa kambi walijipanga upande wa pili, juani, na kanga mpya. Bi Mwanahalima hakuwapo. Alibaki nyumbani na Tatu, mlango wazi, akisikiliza makelele.

Mwinyimadi alianza kwa kuogopa. Alipewa mpira akaurudisha upesi kama mtu aliyeshikishwa mtoto aliyejikojolea. Nikolaus, pembeni, aliuma kofia. Kisha mpira ukamfikia tena, na mbele yake akasimama Abdala, beki wa Kisarawe, jitu zima linalosemekana kuvunja miguu kwa kuipenda kazi yake. Hapakuwa na nafasi ya kufikiri. Mwinyimadi akashuka, uzito wote mguu wa kulia, kiuno kikazunguka, goti likapitishwa kama mgeni, akageuka pale pale alipo na kuinuka upande wa pili. Abdala alikwenda moja kwa moja akakaa chini.

Wanaume wakapiga kelele. Wanawake, kwanza, walinyamaza. Kisha Biasha, mama wa makamo aliyekuwa kungwi wa kambi, akapiga kigelegele kilichomtoka bila kukusudia, na papo hapo akajiziba mdomo. Wengine wakadakia. Walikuwa wameijua ile ngoma ya wali. Kila mmoja wao, siku moja maishani mwake, alishuka na kuinuka hivyo hivyo mbele ya wanawake wenzake, na baada ya kupita pale hakuna anayeisahau.

Mwinyimadi akaelewa kwa nini wanapiga vigelegele, akasimama kuwatazama. Mpira ukamtoka ukaenda nje.

"We Mwinyimadi!" Nikolaus alipaza sauti. "Nyumba!"

Basi akacheza. Alishuka na kugeuka kila alipoweza, wanawake wakicheka na kushangilia, wanaume wakiulizana kuna nini. Goti halikumwangusha. Karibu na mwisho Salehe alipiga shuti, likagonga mwamba, likarudi likampiga Mwinyimadi ugokoni, mguu wa kushoto, ule uliotengenezwa bure, na mpira ukaingia golini. Hakuujua mpaka alipojikuta amebebwa. Bwana Mkubwa alikuwa amesimama mbele ya kiti chake, amejishika kiuno, anazungusha tumbo lake kubwa kumwigiza, na wageni wake wanalia kwa kicheko.

* * *

Jioni ile Biasha alikuja na wanawake wanne, wakaingia uani bila kupiga hodi kwa sauti. Mwinyimadi alikuwa barazani, mguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Akafikiri wamekuja kupongeza.

"Bi Mwanahalima, sisi hatuna ugomvi na wewe," alisema Biasha. "Wewe mkubwa wetu, tunakusikia sifa zako. Lakini leo kitu chetu kimechezwa uwanjani mbele ya wanaume. Wazungu wamekicheka."

"Ni kweli."

"Nani kampa?"

"Nimempa mimi. Nimempa miguu, nyimbo sikumpa."

"Miguu bila nyimbo inajulikana vilevile, dada. Sote tumeijua. Hata vitoto vimeuliza."

Mwinyimadi alingoja bibi ajitetee. Alijua ulimi ule. Ungeweza kuwatoa wote watano mbio. Angesema habari za mtoto, habari za nyumba. Hakusema chochote kati ya hayo.

"Nimekosa," alisema Bi Mwanahalima. "Semeni adhabu."

"Kuku mmoja. Na msimu huu usishike ngoma. Wali wa Mzenga watolewe na kungwi mwingine. Kama kikiishia hapa, basi, tumesahau."

"Kikiishia hapa," alirudia bibi. "Nimesikia. Tatu, kamata yule kuku mwekundu."

Mwinyimadi aliona haya kuliko siku zote za kanga. Wakati ule alikuwa akichekwa yeye, na kuchekwa alikuzoea. Sasa mtu mwingine amelipia goti lake, mtu aliyekuwa hana kitu kingine duniani cha kujivunia isipokuwa ile ngoma yake, naye amelala barazani na mguu kwenye beseni kama sultani.

* * *

Asubuhi Nikolaus alifika amechangamka. "Hongera! Nyumba ni yako. Bwana mwenyewe kasema. Hata Salehe nimemwambia atupe ile kamba."

"Ahsante, nyapara."

"Ila kuna jambo dogo. Jumamosi Bwana ana karamu. Anataka uje ucheze ile densi. Si mpira, densi tu. Anasema uvae na ile kanga, maana kahadithiwa. Dakika chache, Mwinyimadi, wale, wacheke, urudi nyumbani kwako."

"Mwambie Bwana densi sina. Nina goti."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi. Ile si yangu."

"Ya nani?"

"Ya wenyewe."

Nikolaus akachutama karibu naye, akashusha sauti. "Ndugu yangu, umevaa kanga mchana kweupe, kambi nzima inakuona. Umekata kiuno mbele ya watu wa Kisarawe mjini. Leo ndiyo unaona haya?"

"Siku zile nilijitoa mwenyewe nichekwe," alisema Mwinyimadi. "Mimi ni mali yangu, nyapara, naweza kujitoa kila siku, hata bure. Yule mama si mali yangu."

"Unajua nitakalolazimika kufanya."

"Najua. Na wewe ukilifanya utaniomba radhi, nami nitakusamehe, maana ndivyo tulivyo."

Nikolaus alivua kofia akaivaa tena mara kadhaa. Alikuwa mwoga, lakini mwoga naye ana mama. Mwishowe akasema, "Nitamwambia Bwana goti limerudia. Mchezaji aliyerudiwa na goti hana nyumba, hilo siwezi kulipinda. Lakini naweza kuchelewa kumhamisha Salehe. Kaeni mpaka arobaini iishe."

"Hiyo tu ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta," alisema Mwinyimadi. Tatu alikuwa mlangoni. Alimchukua mtoto akampakatisha baba yake, akarudi ndani.

* * *

Arobaini ilipokwisha mtoto alinyolewa, akatolewa nje kwa dua, na kesho yake alfajiri wakaondoka kwa miguu kwenda Mzenga. Salehe aliwasindikiza mpaka mwisho wa mkonge, akawabebea mtungi, na njia nzima hakujua aweke wapi macho. Walipoagana alimshika Mwinyimadi mkono asiuachie. "Tutakukosa pale wingi," alisema.

"Wewe cheza tu," alisema Mwinyimadi. "Ila ukipita kisimani, tazama mbele."

Mwinyimadi alitangulia, kama inavyotakiwa, kitanda cha kamba kichwani, juu yake mikeka, juu ya mikeka sufuria na ungo. Nyuma yake walifuata Tatu na mtoto, na nyuma ya Tatu Bi Mwanahalima, aliyekuwa kimya tangu siku ile ya kuku. Walipita mashamba ya mihogo, wakapumzika mchana kwa watu wa njiani, wakaendelea. Waliokutana nao walimcheka Mwinyimadi kwa mzigo ule, naye akawajibu kwamba anahamisha jumba la kifalme.

Alasiri walifika kwenye mlima wa mwisho, ule mkali, wenye kokoto zinazoteleza. Mwinyimadi alisimama chini yake. Goti lilikuwa limeanza kuwaka, na alijua bibi kule nyuma anautazama mguu wake. Hakuna aliyeujua mguu ule zaidi yake. Alisikia nyayo zikikaribia, zikapita mbele ya Tatu, zikasimama nyuma yake kabisa, mahali ambapo mkwe hasimami.

"Mwanangu," alisema Bi Mwanahalima. Hakukohoa kwanza, wala hakumtuma mtu. "Tua mzigo. Nyumba umeikosa kwa ajili yangu. Usijivunje na mguu."

Mwinyimadi hakuweza kugeuka kwa sababu ya kitanda, na alishukuru, maana machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

"Sijachoka, mama."

Ulikuwa uongo mtupu. Shingo ilikuwa imekufa na mgongo unapiga kelele. Aliweka uzito wote mguu wa kulia, akalegeza kiuno, akashuka kidogo, akauacha mguu umnyanyue taratibu mpaka kwenye kokoto ya kwanza. Nyuma yake bibi alianza kupiga makofi, polepole, kwa mkono unaojua kazi, na kwa makofi yale wakaupanda mlima, mmoja nyuma ya mwingine, bila wimbo.